Mashine ya kuunganisha vyuma kwa msuguano: mota yenye breki, flaiwili, au kugeuza mashine ya kukereza?

Huku kusini mwa Tanzania swali hili linawahusu mafundi wa aina mbili. Wa kwanza ana karakana Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea. Anakereza shafti za mashine za kusaga na za kubangua korosho, na msimu ukiisha kona ya karakana imejaa vipande vifupi vya chuma visivyotosha shafti yoyote. Chuma hicho kimelipiwa nauli kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo kukiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu kunauma. Wa pili yuko karibu na maji, Mikindani au Kilwa Kivinje, na kazi yake ni shafti za boti. Angependa chuma cha pua kikae pale tu maji ya chumvi yanapofika, na sehemu iliyo ndani ya boti iwe chuma cha kawaida.

Wote wawili wanajua kwamba kipande kimoja kikizungushwa na kingine kikasukumwa kwa nguvu dhidi yake, nyuso mbili hupata moto, hulainika bila kuyeyuka, na zikikandamizwa zaidi hushikana kuwa kitu kimoja. Hakuna elektrodi wala gesi, na kazi yenyewe huchukua sekunde chache. Viwandani ndivyo zinavyounganishwa valvu nyingi za injini, mabomba ya kuchorongea visima vya gesi, na lagi za umeme, yaani vichwa vya kufungia nyaya, zenye upande mmoja wa aluminiamu na mwingine wa shaba. Wanapokwama ni kwenye umbo la mashine yenyewe. Njia ni tatu, na kila moja ina watetezi wake.

Hesabu ambayo haikwepeki

Kabla ya kulinganisha lolote, angalia namba hizi. Kwa chuma laini cha kawaida, shinikizo linalotumika sana wakati wa kusugua ni takriban megapaskali 55, na wakati wa kufua, yaani ule msukumo wa mwisho, ni takriban 138. Mwendo wa ukingo wa kipande kwa mashine ya mota unatakiwa kuwa kati ya mita 75 na 110 kwa dakika. Ukiteremka chini ya hapo, nguvu ya kusokota inapanda mno: kipande kinateleza kwenye taya na uso unachanika badala ya kulainika. Nimepiga hesabu kwa vipenyo tunavyokutana navyo:

| Kipenyo | Msukumo wa kusugua | Msukumo wa kufua | Mizunguko kwa dakika |
|---|---|---|---|
| mm 12 | tani 0.6 | tani 1.6 | 2,000 hadi 2,900 |
| mm 16 | tani 1.1 | tani 2.8 | 1,500 hadi 2,200 |
| mm 20 | tani 1.8 | tani 4.4 | 1,200 hadi 1,750 |
| mm 25 | tani 2.8 | tani 6.9 | 950 hadi 1,400 |
| mm 40 | tani 7 | tani 17.7 | 600 hadi 875 |

Soma safu ya msukumo wa kufua polepole. Wengi huanza kwa kuuliza mota ya kilowati ngapi, wakati kinachoua mashine za kienyeji ni fremu. Shafti ya milimita 25 inadai karibu tani saba, na tani hizo zinasukuma kichwa cha mashine kurudi nyuma kwa nguvu ileile zinayosukuma kipande kwenda mbele. Fremu nzuri inaweka nguzo nne kuzunguka mstari wa kazi, kichwa upande mmoja na silinda upande mwingine, ili mzigo uvute nguzo sawasawa. Nguzo nne za milimita 40 zenye urefu wa mita 1.2 zitarefuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa msukumo huo. Ukiweka kitanda kimoja chini ya mstari, kama wengi wanavyofanya kwa sababu ni rahisi kukichomelea, kitapinda. Vipande havitakutana uso kwa uso, na kola ya chuma laini inayosukumwa nje itatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Jambo la pili linalozihusu njia zote ni nyuma ya taya. Taya peke yake hazishikilii tani nne. Weka kizuizi imara nyuma ya kila kipande, la sivyo utakuta shafti imerudi ndani milimita kumi na hakuna kilichoungana.

Tunapima kwa lipi

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo matano: umeme zinaoutaka, ugumu wa kuzijenga, kiungo kinachotoka, hatari yake, na mtu zinayemfaa. Bei sikuiweka, kwa sababu karakana yenye mtaji wa vyuma chakavu na ile inayonunua kila kitu dukani hazilipi bei moja.

Njia ya kwanza: mota inayoendesha muda wote, yenye klachi na breki

Hapa mota inazungusha kipande kwa mwendo uleule kwa muda wote wa kusugua. Muda au urefu uliopangwa ukifika, klachi inaachia, breki inakamata, na silinda inapandisha msukumo hadi ule wa kufua.

*Umeme.* Hapa ndipo wengi wetu tunapobanwa. Kwa shafti ya milimita 20, nikikadiria kigezo cha msuguano cha 0.3, mota inabeba takriban kilowati 5 wakati wa kusugua, na kuna kilele kabla ya hapo. Panga mota ya kilowati 7.5. Hiyo ni kazi ya fezi tatu. Ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara sita au saba ya mkondo wake wa kawaida, kwa hiyo weka staa-delta, yaani kiwashio kinachoianzisha mota kwa mkondo mdogo, na iwashe ikiwa haina mzigo. Klachi ipo kwa ajili hiyo. Habari njema ni kwamba mota ya kawaida yenye ncha nne za sumaku (4-pole) kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, mwendo unaofaa shafti ya milimita 20 bila gia wala puli.

*Ujenzi.* Ni mgumu kuliko njia nyingine, na ugumu wote uko kwenye breki. Mhimili unatakiwa kusimama ndani ya sehemu ya sekunde. Breki ikichelewa, msukumo wa kufua unakuta kipande bado kinazunguka na kiungo kilichoanza kushikana kinakatwa. Diski na kaliper za lori zinaweza kazi hiyo kama zinasukumwa kwa hewa au mafuta, si kwa mguu. Kwa mhimili wenyewe, beringi za koni za habu ya lori ni chaguo la maana: zinabeba msukumo wa mbele, zinapatikana, na mzigo mkubwa wa kufua unazifika wakati mhimili umeshasimama.

Silinda ya haidroliki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 inatoa tani 8 kwa shinikizo la bar 100. Inatosha hadi milimita 25. Jeki ya kupampu kwa mkono sahau. Si kwamba haina nguvu. Haiwezi kupanda kutoka tani 1.8 hadi 4.4 kwa kufumba na kufumbua.

*Kiungo.* Una vitasa vingi vya kuchezea: mwendo, msukumo wa kwanza, muda, msukumo wa pili. Kwa fundi anayebadilisha kazi kila siku, leo milimita 16, kesho 25, keshokutwa chuma cha pua na cha kawaida, uhuru huo ni mali. Joto linaingia ndani zaidi kidogo na kupoa si kwa ghafla sana, jambo linalosaidia vyuma vyenye kaboni zaidi ya chuma laini, kama vya ekseli za magari. Hata hivyo ekseli iliyounganishwa bila kupashwa tena moto wa nyuzi 550 hadi 650 za sentigredi inaweza kuwa ngumu na kuvunjika kama chaki, kwa mashine yoyote kati ya hizi.

*Hatari.* Kipande kinachoruka. Weka kizuizi cha bamba na swichi inayokatiza kila kitu mlango ukifunguliwa.

*Inamfaa nani.* Karakana yenye fezi tatu, kazi za aina nyingi, na fundi umeme anayeelewa taima na kontakta.

Njia ya pili: flaiwili

Wamarekani wa Caterpillar ndio walioikuza njia hii katika miaka ya 1960. Mota inazungusha gurudumu zito hadi mwendo uliopangwa, kisha inaachana nalo. Kuanzia hapo kipande kinasukumwa, na nguvu yote ya kusugua inatoka kwenye gurudumu hadi lisimame lenyewe. Hakuna breki, na mara nyingi msukumo ni mmoja tu.

*Umeme.* Ukipiga hesabu ya shafti ya milimita 20, kilowati 5 kwa sekunde tatu ni kilojuli 15. Diski ya chuma yenye kipenyo cha milimita 400 na unene wa 25 ina uzito wa karibu kilo 25. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika inahifadhi kilojuli 15 na ushei. Mota ya kilowati 2.2 inaifikisha hapo ndani ya sekunde kumi au kumi na tano. Maana yake ni kwamba umeme wa fezi moja, au jenereta dogo la karakana ya Liwale au Nanyumbu, unafanya kazi ambayo njia ya kwanza inadai fezi tatu. Pampu ya haidroliki nayo inaweza kuwa ndogo kama utaiacha ijaze polepole chombo cha kuhifadhi shinikizo wakati gurudumu linapanda mwendo. Namba hizi ni za kuanzia. Vipande vya majaribio ndivyo vitakavyokuambia uongeze au upunguze.

*Ujenzi.* Ni rahisi kwenye umeme na vidhibiti, lakini hauna huruma kwenye ukerezaji. Kwa kuwa mwendo unashuka muda wote, lazima uanze juu: kwa chuma inapendekezwa ukingo wa kipande uanzie mita 150 kwa dakika au zaidi, na kwa milimita 20 hiyo ndiyo mizunguko 2,400 niliyotaja. Diski lazima ikerezwe pande zote na kusawazishwa uzito. Beringi nazo zinabeba msukumo wote mhimili ukiwa bado unazunguka, kwa hiyo chagua kubwa kuliko zile ulizofikiria kwanza.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Ndiyo sababu kipimo cha mizunguko ni cha lazima hapa. Kosa la mizunguko mia mbili kwenye 2,400 linabadilisha nishati kwa asilimia 16 au 17 hivi.

*Kiungo.* Ukishapata mwendo sahihi na msukumo sahihi kwa kazi moja, kila kipande kinatoka kama kilichotangulia. Vitasa ni viwili tu, basi. Eneo lililopata moto ni jembamba na kufua kunatokea gurudumu linapomaliza nguvu, likiwa bado linasokota chuma laini. Kwa chuma laini hilo ni zuri sana. Kwa chuma cha kaboni nyingi, kupoa haraka kunaongeza ugumu, kwa hiyo tanuri la kupashia tena lisikosekane. Ukibadilisha kipenyo, unabadilisha diski au mwendo na kuanza majaribio upya, na hilo linachosha.

*Hatari.* Nitakaa hapa kidogo. Ukingo wa diski ile niliyoitaja unakwenda mita 50 kwa sekunde, sawa na kilomita 180 kwa saa. Flaiwili ya injini ya zamani iliyosubuliwa kwa chuma cha kalibu haipaswi kufikishwa huko. Kanuni ya siku nyingi kwa chuma cha namna hiyo ni kutopita takriban mita 30 kwa sekunde. Najua inavutia kwa sababu ipo, ni ya duara na ina matundu tayari. Iache. Kata diski kutoka kwenye bamba zima la chuma lisilo na ufa wala kiungo cha kuchomelea, na izungushie kasha la bamba nene lililofungwa kwenye fremu, si kwenye sakafu.

*Inamfaa nani.* Mwenye umeme mdogo na kazi moja inayojirudia, kama mtu anayetoa shafti za kipenyo kimoja kwa ajili ya msimu mzima wa mashine za kubangulia.

Njia ya tatu: kugeuza mashine ya kukereza

Usiicheke. Inasimuliwa kwamba mwaka 1956 Msovieti A. I. Chudikov alionyesha uwezekano wa kazi hii kwenye chuma akiwa ni mkerezaji. Mhimili upo, taya zipo, mwendo unabadilishwa kwa gia. Unachoongeza ni kitu cha kusukuma mahali pa kichwa cha nyuma.

*Umeme.* Ule ambao mashine yako imeshaunganishwa nao.

*Ujenzi.* Ni mwepesi kuliko njia zote, na hewa inatosha. Chemba ya breki ya lori aina ya 30 ina eneo la inchi za mraba 30. Kwa hewa ya bar 8 inatoa takriban tani 1.6, zinazotosha milimita 12 (kwa 16 utahitaji chemba mbili), na inapandisha msukumo papo hapo. Tumia ile ya hewa tupu. Ile yenye springi kubwa ndani usiifungue kamwe, kwa sababu springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu.

Tatizo ni kwamba mashine ya kukereza imebanwa pande zote mbili za jedwali. Vipande vikubwa vinataka msukumo ambao beringi zake na kitanda chake havikutengenezewa. Kitanda kiko chini ya mstari, na tani nne zitakipinda. Vipande vidogo vinataka mwendo ambao mashine nyingi za zamani hazina: kwa milimita 12 unahitaji mizunguko 2,000, na kama ya kwako inaishia 1,200 uko kwenye mita 45 kwa dakika, mbali chini ya kiwango. Linalobaki ni dirisha dogo kati ya milimita 12 na 16 kwa mashine yenye mwendo mkubwa, pamoja na aluminiamu, ambayo haidai msukumo mkubwa kama chuma.

*Kiungo.* Kwenye dirisha hilo ni kizuri. Nje yake utapata vipande vinavyoonekana vimeshikana kwa nje ilhali katikati havijagusana. Vikunje kwenye vaisi utaona.

*Hatari.* Kubwa ni kwa mashine yenyewe. Ukiiharibu beringi za mhimili, hata kazi ya kukereza iliyokuwa inakulisha imekwenda.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujifunza, chuo cha ufundi kinachotaka wanafunzi waone jambo hili kwa macho, au mwenye mashine ya pili iliyochoka ambayo hategemei usahihi wake tena.

Kuhusu kukoroga

Kuna njia nyingine ya msuguano iliyobuniwa mwaka 1991 katika TWI, taasisi ya uchomeleaji ya Uingereza, ambapo pini inayozunguka inatembezwa kwenye mstari kati ya mabamba mawili na kukoroga chuma kilicholainika. Hiyo ni ya mabamba, hasa aluminiamu. Kwa mwenye ndoto ya kutengeneza boti za aluminiamu Mikindani ni mada nzuri, lakini haishindani na hizi tatu, kwa kuwa hizi ni za vitu vya duara.

Uanzie wapi, kulingana na hali yako

Kama una fezi tatu na wateja wako hawafanani, jenga ya mota na breki, lakini tengeneza breki kwanza na uipime ikiwa peke yake kabla ya kununua kitu kingine. Isiposimamisha mhimili mara moja, mchoro wote uliobaki hauna maana.

Kama uko kwenye fezi moja na unajua kwa hakika kipenyo utakachounganisha mwaka mzima, nenda na flaiwili. Pesa ulizookoa kwenye mota zipeleke kwenye beringi na kasha la kinga.

Kama kazi yako ni shafti za boti, kinachoamua ni vyuma vyenyewe kuliko mashine. Chuma cha pua na cha kawaida vinaungana vizuri kwa njia mbili za kwanza, ila kiungo chao kikikaa kwenye maji ya bahari upande wa chuma cha kawaida utaliwa haraka kuliko kama ungekuwa peke yake. Panga urefu ili kiungo kibaki ndani ya boti, pakavu. Mwenye kipenyo kimoja tu achague flaiwili; anayehudumia mitumbwi ya injini na majahazi kwa pamoja atashukuru kuwa na breki.

Kama unafikiria vyuma vya kusubu, mfano kuunganisha puli ya chuma cha kalibu na shafti, hakuna kati ya hizi itakayokusaidia. Grafiti iliyomo ndani inalainisha uso kama grisi na joto halipandi inavyotakiwa.

Kama hujui bado kama utapata kazi za kutosha, anza na mashine ya kukereza iliyochoka, chemba ya breki moja au mbili, na vipande vya milimita 12 au 16. Kunja kila kiungo hadi kivunjike au kigome, andika mwendo na msukumo ukutani, na baada ya msimu mmoja utajua kipenyo gani wateja wanakuletea zaidi. Kipenyo hicho ndicho kitakachokuchagulia kati ya njia mbili za juu.

Na kama hesabu inaonyesha shafti mbili tatu kwa mwezi, chonga ncha, chomelea kwa elektrodi kwa tabaka, kereza, na umpe mteja kazi yake.